Kuupisha Mto

Kila Jumamosi asubuhi hapa Boston hutembea kando ya mto mdogo uitwao Muddy River, na kila nifikapo pale maji yanapopinda katikati ya matete hujikuta nikiwaza Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi kule Dar es Salaam.

Njia hii ni sehemu ya Emerald Necklace, mfululizo wa bustani za umma wa kilomita zipatazo 11 ambao msanifu wa bustani Frederick Law Olmsted alianza kuusanifu mwaka 1878. Wengi humkumbuka kwa Central Park ya New York, aliyoibuni pamoja na Calvert Vaux, lakini mimi naona kazi yake kubwa iko hapa. Back Bay Fens, mojawapo ya bustani hizo, ilikuwa kinamasi cha maji ya chumvi kinachonuka majitaka. Olmsted, ambaye hakuwa mhandisi (alikuwa amelima shamba na kuandika gazetini habari za utumwa wa majimbo ya kusini), aliyatengea mafuriko nafasi ya kutanda kwanza, ndipo akawatengenezea watu njia za kutembea pembeni.

Siwasifu Wamarekani kupita kiasi, kwa sababu wenyewe walikuja kusahau. Katika miaka ya 1950 kipande cha mto huu kilifukiwa kwenye mabomba ili juu yake pawe maegesho ya magari, na Oktoba 1996 maji yakafurika hadi ndani ya stesheni ya treni ya Kenmore. Ikabidi baadaye waufukue.

Mimi nimekulia Magomeni. Masika ikikolea, Msimbazi hujaa, Barabara ya Morogoro hufungwa, nasi wanafunzi tulisimama viatu mkononi tukitazama magodoro ya watu yakielea. Lawama zote huwaangukia watu wa mabondeni, kana kwamba mji mzima haukujengwa kwa kuubana mto ule ule.

Mpango wa kuligeuza bonde la Msimbazi kuwa bustani naunga mkono, ila wanaohamishwa walipwe kwanza, tena malipo ya kununulia kiwanja kingine. Central Park yenyewe ilipatikana baada ya wakazi wa Seneca Village, wengi wao weusi, kuondolewa mwaka 1857, na watembeaji wengi wa leo hawalijui hata jina la kijiji hicho.

Mjomba bado anaishi karibu na bonde. Nikimpigia simu wakati wa masika, hunitajia kwanza maji yamefika ngazi ya ngapi, ndipo tusalimiane.