Hiyo Blogu ni ya Nani?

Kijiweni kwetu Majengo, hapa Dodoma, jirani na soko, kuna mzee hakubali kusomewa habari kabla hajauliza swali lake: "Hilo la nani?" Ni mazoea ya magazeti. Uhuru anajua ni la CCM. Tanzania Daima, enzi zake, alijua lina mkono wa familia ya Mbowe wa Chadema. Yote mawili aliyasoma. Anapunguza huku, anaongeza kule, mwisho anaondoka na habari yake.

Juzi nikamsomea kwenye simu habari ya mheshimiwa mmoja aliyegawa madawati. Akauliza swali lake, nikakosa jibu. Juu ya blogu kulikuwa na picha ya maiki na maneno "habari za uhakika". Jina la mwandishi hakuna, mhariri hakuna. Nikafungua blogu ya pili, nikafungua ya tatu. Habari ile ile, picha ile ile, na "kukabizi" ile ile badala ya kukabidhi. Nilizikuta tano. Msaidizi wa mheshimiwa aliandika harakaharaka, na wahariri watano hawakuliona kosa. Au hawapo kabisa.

Sina ugomvi na mwandishi mwenye upande. Ugomvi wangu ni na anayeuficha. Agosti 2021 Uhuru lenyewe, gazeti la chama tawala, lilifungiwa na serikali siku 14 kwa kuandika kwamba Rais Samia hana wazo la kuwania urais 2025. Niliona adhabu ile ni kubwa mno, na bado naona hivyo. Ila kila mtu alijua akamuulize nani: mwenye gazeti anafahamika, wakubwa wake wanafahamika. Blogu ya chawa, yaani mpambe wa kumsifia mkubwa, haina mlango wa kupiga hodi. Ikikuchafua leo, kesho habari imefutwa, keshokutwa blogu ina jina jipya.

Tulifikaje hapa? Wengi watakwambia ni kukosa shule, na ndiyo maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaja na Bodi ya Ithibati ya kuwaidhinisha wanahabari. Cheti ni kizuri, lakini wale wanaobandika taarifa za waheshimiwa bila kugusa nukta, baadhi nimesoma nao darasa moja. Vyeti wanavyo.

Mimi naiangalia 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, leseni ya blogu kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya kuanzia na milioni moja ya kila mwaka. Jumla milioni 2.1. JamiiForums yenyewe, lile jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni, ilizimika kwa muda Juni ile. Mimi nilikuwa na kablogu kangu ka habari za kata, bei za zabibu, migogoro ya viwanja na maji ya Nkuhungu. Matangazo yake hayakutosha hata bando. Nikafunga. Waliobaki ni wenye mtu wa kuwalipia, na mtu hakulipii milioni mbili ili umuulize maswali. Baadaye ada zilishushwa, lakini mazoea yalishaota mizizi.

Kuna aliyeniambia, "Kaka, una wivu." Labda kidogo. Na mikono yangu si misafi. Mwaka 2017, baada ya semina moja hapa mjini, nilipewa bahasha. "Nauli," wakasema. Kutoka ukumbini hadi kwangu nauli ilikuwa 400. Ndani mlikuwa na 30,000. Habari niliiandika usiku ule ule. Swali moja tu lililokuwa na maana, kwa nini ule mradi ulisimama miezi minane, nikaliacha nje. Hakuna aliyeniambia niliache. Hiyo ndiyo kazi ya bahasha: haikuamrishi kitu, unajiamrisha mwenyewe.

Ningependa kila blogu ya siasa iandike mstari mmoja tu chini kabisa: leseni hii imelipiwa na fulani. Kama ni mbunge, sawa. Kama ni chama, sawa. Nitasoma kama mzee anavyosoma Uhuru.

Nilipomaliza kumsimulia habari ya ile bahasha, mzee alinyamaza, akasogeza kikombe chake kwa muuza kahawa kiongezwe.

"Na wewe enzi hizo ulikuwa wa nani?"

Nikamwambia nilikuwa wa elfu thelathini. Akacheka hadi kashata ikamdondoka, akaniambia kahawa ya leo nalipa mimi.