Mabomba ya zamani ya Lubumbashi si tatizo la wenye mabomba peke yao

Katika mjadala wa usafi wa mji wa Lubumbashi, hoja inayosikika kwa nguvu ni kwamba mabomba ya maji taka yaliyolazwa enzi za ukoloni yaachwe yafe yenyewe. Wanaoitetea wanasema kwamba mabomba hayo yanahudumia sehemu ndogo tu, hasa mitaa iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu baada ya mji kuanzishwa mwaka 1910, ilhali wakazi wengi wa komini (tarafa za mji) za Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe wanategemea vyoo vya shimo. Kwa hiyo pesa yoyote inayopatikana ijenge vyoo bora na kuondoa uchafu katika mashimo yaliyojaa. Hiyo ni hoja ya haki, na anayejua jinsi mji huu ulivyogawanywa kwa rangi tangu mwanzo hawezi kuipuuza. Hata hivyo, imesimama juu ya dhana kwamba bomba lililochakaa linamdhuru yule tu anayelitumia, na dhana hiyo haihimili uchunguzi.

Maji yasiyohusika huingia katika bomba la maji taka kwa njia mbili. Moja ni ya polepole: mabomba ya udongo wa kuchoma au ya saruji huungwa vipande vipande, na baada ya miongo kadhaa viungo hulegea, ardhi hutitia, na mizizi ya mijakaranda iliyopandwa kando ya avenyu hupenya ikifuata unyevu. Mvua zetu, zinazofikia takriban milimita 1,200 kwa mwaka na kunyesha karibu zote kuanzia Novemba hadi Aprili, zikishainua maji ya ardhini kupita kimo cha bomba, maji hayo hujipenyeza ndani usiku na mchana. Njia nyingine ni ya ghafla: vifuniko vya chemba, yaani mashimo ya kukagulia bomba, vimevunjika au vimeibiwa, au mwenye parsele (kiwanja) ameelekeza mlizamu wa paa lake kwenye bomba la choo kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Huo mlizamu unastahili hesabu, maana watu wengi huuona kuwa jambo dogo. Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 kwa saa moja, ambayo si ajabu mjini kwetu mwezi wa Januari. Paa hilo humwaga lita 5,000. Familia ya watu wanane, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, hutoa lita 400 za maji taka kwa siku nzima. Maana yake ni kwamba paa moja, kwa saa moja, limeingiza katika bomba maji ambayo familia ile ingeyatoa kwa siku kumi na mbili na nusu. Sasa chukua bomba la mtaa lenye kipenyo cha milimita 200, lililolazwa kwa mteremko wa nusu mita katika kila mita 100: likijaa hupitisha kiasi cha lita 23 kwa sekunde. Hata tukikadiria kwamba saa za asubuhi matumizi hupanda mara nne ya wastani, bomba hilo lina nafasi ya zaidi ya familia elfu moja za namna hiyo. Paa kumi na saba zinatosha kulijaza. Nyumba kumi na saba, si mtaa mzima, huondoa huduma iliyokusudiwa kwa maelfu ya watu, na kile kisichopata nafasi hutokea kwenye chemba iliyo chini kabisa ya mteremko, mbele ya mlango wa mtu ambaye huenda hana hata mlizamu. Kwa hiyo, tunapoambiwa kwamba bomba limezidiwa na ongezeko la watu, ni vema kuuliza kwanza ni maji ya nani yaliyomo.

Jambo zito zaidi hutokea wakati ambapo hakuna anayelalamika. Ufa unaoruhusu maji kuingia mwezi wa Februari haufungi mwezi wa Agosti. Maji ya ardhini yakishashuka chini ya bomba, mkondo hugeuka, na maji taka huanza kuvuja kwenda nje, ardhini, kuelekea mabondeni. Katika miezi hiyohiyo ya kiangazi familia nyingi huchota visimani, kwa sababu mabomba ya Regideso, shirika la maji la serikali, ama hayajafika kwao ama hayana maji saa zote. Tena bomba la maji safi lililokatika huduma hupoteza shinikizo, na likiwa na ufa hufyonza kile kilicho kwenye udongo unaolizunguka. Kipindupindu si mgeni Lubumbashi. Choo cha shimo nacho huchafua visima, hilo halina ubishi, lakini kusema kwamba bomba la mjini kati halimhusu mtu wa kisimani ni kusahau kwamba ardhi haina mipaka ya komini. Hali ni hiyohiyo kwa mto Lubumbashi unaoingia Kafubu: maji taka yanayofurika wakati wa mvua huishia humo, na kandokando ya mito hiyo ndiko zinakolimwa mboga tunazonunua sokoni.

Wapo pia wanaopendekeza mabomba mapya makubwa zaidi. Kuwajibu ni rahisi: bomba pana mno hupitisha maji polepole wakati wa kiangazi, uchafu hutuama, na gesi inayozaliwa humo hula saruji. Gharama nayo si ndogo: London, yenye uwezo wake wote, imelazimika kuchimba handaki la kilomita 25 kando ya mto Thames ili kupokea maji ambayo mfumo wake wa karne ya 19 hauwezi kuyabeba.

Upande wa ukarabati nao una udhaifu ambao wapinzani wangeutumia vizuri zaidi kuliko wanavyofanya. Bomba bovu hukausha ardhi inayolizunguka. Likizibwa, maji ya ardhini hupanda na yanaweza kulowesha misingi ya nyumba na kujaza vyoo vya shimo vilivyo bondeni. Aidha, pale ambapo serikali huziba bomba la barabarani tu, maji hutafuta nyufa za mabomba madogo yaliyo ndani ya parsele, na faida hupungua sana. Ndiyo maana siungi mkono kuanza kuziba kila kiungo bila kupima. Kipimo chenyewe ni rahisi: maji yanayopita katika bomba kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala, kwa sehemu kubwa ni maji ya ardhini. Yakipimwa Februari, kisha Agosti, tofauti itaonyesha ni mitaa ipi inayovuja zaidi.

Milizamu, hata hivyo, haihitaji kusubiri vipimo hivyo. Kuiondoa kwenye bomba la choo ni kazi ya mita chache za bomba na fundi mmoja. Sharti lake ni kwamba mfereji wa barabarani utakaopokea maji hayo uwe umezibuliwa taka za plastiki kabla ya Novemba, vinginevyo tutakuwa tumeyahamisha kutoka kwenye chemba hadi kwenye nyumba za walio chini ya mteremko. Kazi hizi mbili ziingie katika bajeti moja, zitekelezwe mtaa kwa mtaa, kuanzia bondeni.