Aya Iliyokatwa: Nani Hulipia Tunayoambiwa Kuhusu Nishati?

Ni haki msomaji ajue mapema kwamba makala haya sikulipwa na mtu kuyaandika, lakini niliwahi kulipwa kuandika kuhusu nishati, na ni malipo yale yanayonifanya niandike leo. Miaka michache iliyopita, kikundi cha wakazi wa Changamwe, Mombasa, nilichokuwa katibu wake kilipata ufadhili wa kutayarisha kijitabu cha Kiswahili kuhusu upishi usio na moshi. Mfadhili alikuwa na maslahi katika biashara ya gesi ya kupikia, jambo ambalo hakutuficha, na mkataba wake ulikuwa na sharti moja tulilolipitisha bila mjadala: rasimu ipelekwe kwake aisome kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Rasimu ilirudi ikiwa imekatwa aya moja, na tukaelezwa kwamba aya ile ingewavunja moyo wasomaji. Tukakubali, tukachapisha, tukagawa, na kila sentensi iliyobaki humo ilikuwa ya kweli.

Siku tulipokuwa tukikigawa Magongo, mama mmoja wa makamo alikipitia kurasa zote akiwa amesimama, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbona hamkuandika bei?” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu bei ndiyo iliyokuwa katika aya ile.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba madhara ya fedha za wafadhili ni uongo. Uongo upo, lakini uongo hugundulika. Lililo zito zaidi ni kwamba fedha huchagua swali kabla ya mwandishi kuanza kutafuta jibu, na mwandishi anaweza kulijibu swali alilopewa kwa uaminifu mkubwa huku lile ambalo jirani zake wangeliuliza likibaki bila mwenyewe.

Mfano unaonifunza zaidi hautoki upande wa makampuni bali upande wa watetezi wa mazingira, ambao ndio upande wangu. Kati ya mwaka 2007 na 2010, Sierra Club, mojawapo ya jumuiya kongwe za mazingira nchini Marekani, ilipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka sekta ya gesi asilia, sehemu kubwa ikiwa ni kutoka kwa Aubrey McClendon, mkuu wa kampuni ya Chesapeake Energy, na watu waliohusiana na kampuni hiyo. Fedha hizo zilisaidia kampeni ya kupinga makaa ya mawe. Umma haukujua mpaka habari ilipotoka mwaka 2012, ingawa mkurugenzi mpya, Michael Brune, alikuwa ameshausimamisha ufadhili huo mwaka 2010. Waliyoyasema kuhusu makaa ya mawe hayakuwa uongo. Hata hivyo, kila mtambo wa makaa uliofungwa uliweza kuwa soko jipya la gesi, na mwanachama aliyeishi jirani na visima vya gesi vya Pennsylvania alikuwa na haki ya kujua ni nani aliyekuwa akilipia sauti ya jumuiya yake.

Tuitazame Mombasa kwa jicho hilo. Mtu anayenunua tokeni za umeme hupokea ujumbe wenye kiasi alicholipa, yuniti alizopata, na fungu la gharama nyinginezo lililojumlishwa pamoja. Ndani ya fungu hilo mna gharama ya mafuta yanayochomwa katika mitambo ya kuzalisha umeme, ambayo mingine iko hapa hapa Kipevu na jirani kule Rabai, mna marekebisho yanayofuata thamani ya shilingi, mna tozo za mashirika kadhaa, na mna ushuru wa serikali. Mkazi wa Mikindani hulipa gharama hiyo ya mafuta na papo hapo huishi karibu na mabomba ya moshi. Nimesoma vijitabu vya umeme wa jua, vya majiko na vya mitungi ya gesi, vingine vikiwa vizuri sana, lakini sijapata kukutana na kijitabu hata kimoja cha Kiswahili kinachomfafanulia mkazi huyo fungu hilo, kipengele kwa kipengele. Sababu naiona wazi: hakuna mwenye bidhaa ya kuuza atakayefaidika tukilielewa. Hata mwaka 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipounda kikosi kazi cha kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, mjadala ulibaki kwa wataalamu na magazeti ya Kiingereza, na mitaani kwetu ukafika kama fununu.

Serikali nayo ni mfadhili, na wala si mdogo. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliupa wakala wa nguvu za nyuklia kazi ya kuendeleza mpango wa nyuklia na pia kazi ya kuuelimisha umma kuhusu mpango huo huo. Watu wa Uyombo kule Kilifi, ambako kinu cha nyuklia kilikusudiwa kujengwa, na waliopinga mpango huo hadharani mwaka 2024, walikuwa wakifundishwa faida na hatari na mtu aliyetumwa kujenga. Kwa upande wa usalama, nchi ilikubali kwamba anayeendeleza asiwe ndiye anayetoa leseni, ikaunda mamlaka tofauti ya udhibiti. Sioni kwa nini busara hiyo iishie kwenye leseni isifike kwenye elimu ya umma.

Najua nitakavyojibiwa, kwamba mkono mtupu haulambwi na kwamba bila wafadhili hakuna kitakachoandikwa. Jibu hilo lina uzito. Wakazi wa Lamu walipopinga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, walihitaji mawakili na wataalamu, na walihitaji nauli za kufika kwenye vikao, na kulikuwa na watu waliowaita vibaraka wa fedha za kigeni. Lakini mnamo tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilipoifuta leseni iliyokuwa imetolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, halikusimamia hisia za mtu. Lilisimamia kumbukumbu zilizoonyesha kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Fedha zilizolipia kazi ile zingeweza kutoka popote, na hoja bado ingekaguliwa na upande wa pili mbele ya jopo. Kijitabu chetu hakikukaguliwa na mtu yeyote isipokuwa mfadhili.

Kwa hiyo sidai mashirika yakatae fedha. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliacha kupokea matangazo ya makampuni ya mafuta na gesi mwezi Januari 2020, na naliheshimu kwa hilo, lakini kituo cha redio cha Pwani kinachochelewa kulipa mishahara hakiwezi kufanya hivyo kesho asubuhi. Ninachodai ni kwamba jina la mfadhili litajwe mwanzoni mwa kipindi au kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili kile kile cha habari yenyewe, na kwamba mkataba umruhusu mfadhili kusahihisha takwimu na umnyime ruhusa ya kukata aya. Ningependa pia vikundi vyetu vijifunze kutoka vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vimeendeshwa mitaani kwa michango midogo ya kila mwezi, kwa sababu kikundi chenye hata robo ya bajeti yake mkononi kinaweza kumwambia mfadhili hapana na bado kikafungua mlango siku ya pili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Sisi tunaosema kwa niaba ya umma tusingoje kudaiwa za kwetu.

Aya iliyokatwa niliiandika mimi, na nakala yake bado ninayo. Ilisema hivi: “Gesi haina moshi kama makaa na huivisha chakula upesi. Lakini mtungi hujazwa kwa pesa za mara moja, na makaa hununuliwa kwa mkebe, kwa pesa za leo. Anayelipwa kwa siku atahitaji kuweka akiba wiki kadhaa kabla ya kuujaza mtungi, na wiki hizo atapika kwa makaa. Kabla ya kununua mtungi, uliza bei ya kuujaza, siyo bei ya kuununua peke yake.”