Mwenye shamba wa Taita alipwe akihesabu ndege

Apalisi wa Taita ni kidege mwenye mgongo wa kijivu na tumbo jeupe. Dume ana koo jeusi. Hapatikani popote duniani ila milima ya Taita, kusini mashariki mwa Kenya, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Watafiti wameyaandika hayo miaka mingi. Mimi namtetea mkulima aliyepakana naye.

Msitu wa asili huko umebaki vipande vipande: Mbololo, Chawia, Vuria, Iyale, na Ngangao wenye hekta 120 hivi. Katikati ni mahindi, maharagwe, mikaratusi na nyumba za watu. Vipande vingine vidogo vimo ndani ya mashamba ya watu binafsi, na huko mwenye uamuzi ni mwenye panga. Apalisi hupenda vichaka vizito, hasa pale mti ulipoanguka mwanga ukaingia. Mtu anaweza kuiacha miti mikubwa yote imesimama, akafyeka chini apate kuni na malisho, akadhani ametunza msitu, kumbe kidege hana tena pa kujificha.

Ndiyo maana ni vizuri wenye mashamba wafundishwe kuhesabu: kuamka alfajiri, kusimama mahali palepale, kusikiliza milio na kuandika. Mtafiti huja msimu mmoja akaondoka. Mkulima yupo masika na kiangazi.

Kinachoniudhi ni kumwita mkulima huyo mtu wa kujitolea. Mtafiti ana mshahara, dereva ana posho, hata karatasi zimewekewa bajeti. Aliyeacha nusu eka yake ibaki kichaka hupewa fulana na soda. (Fulana yenyewe mara nyingi saizi si yake.) Nusu eka hiyo ina warithi wanaoingoja, na mikaratusi huuzwa nguzo. Apalisi hauziki.

Wengine hukimbilia kutaja fighi, misitu mitakatifu ya Wataita iliyolindwa na wazee. Naiheshimu, lakini mila haijawahi kulipa karo.

Basi alipwe kila mwaka kwa kichaka kilichobaki, na siku zake za kuhesabu zilipwe kama kibarua kingine chochote. Matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu kabla hayajaenda Nairobi. Pesa? Mto Voi huanzia milimani humo. Wanaotumia maji yake huko chini wachangie, na kaunti ianze kwa kulijadili hilo kwenye bajeti yake.