Kamati ya Kushuka Shimoni

Mimi ni mkazi wa Chikongola, Mtwara mjini, na mwinuko mkubwa ninaoupanda kwa wiki nzima ni ngazi ya duka langu, yenye vipandio vitatu. Kwa hiyo kaka wa mke wangu aliponijia na wazo la kushuka kwa miguu Shimo la Mungu kule Newala na kurudi juu siku hiyohiyo, nilimgusa paji la uso nijue kama ana homa.

Kwa wasiolijua, Shimo la Mungu ni pale Uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, ukasimama ukingoni na kuliona bonde la Ruvuma limelala chini kuelekea Msumbiji. Nimesimama pale mara nyingi, nikatazama, nikaridhika, nikaenda kula. Haijapata kunijia kwamba mahali pa kutazamwa panadai pia kushukiwa.

Shemeji, hata hivyo, amesoma habari za Grand Canyon, lile korongo la jangwani huko Arizona, Marekani, lenye kina cha takribani kilomita 1.6, na tangu hapo kila jambo letu lazima lifuate Arizona. Njia iliyomvutia huitwa South Kaibab: kutoka ukingoni hadi Cedar Ridge ni kilomita 2.4 tu, lakini mtu huwa ameshuka zaidi ya mita 300, na njiani hakuna maji hata tone. Hayo, anasema, ni matembezi ya wastani. Wastani wa nani? Mlima ni muungwana, kwa sababu hukuchosha mwanzoni, na ukishindwa unageuka na kuteremka na aibu yako. Korongo hukupokea kwa ukarimu, likakusindikiza mpaka chini, kisha ndipo likakudai. Walinzi wa hifadhi ile huwashauri wageni watenge muda wa kupanda mara mbili ya ule wa kushuka, na huwaonya wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku moja.

Bila shaka iliundwa kamati, maana kwetu hata jipu halitumbuliwi bila mwenyekiti na mweka hazina. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa jioni, na kulipokucha tulikuwa tumekwisha kupitisha rangi ya fulana. Suala la maji liliahirishwa. Katika kikao cha pili shemeji alisoma kanuni kwamba mtembeaji akikutana na nyumbu njiani awapishe, na mjumbe mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akauliza kama tumeomba askari wa wanyamapori. Ilituchukua nusu saa kumweleza kwamba nyumbu wa Arizona ni chotara wa punda na farasi, mbeba watu na mizigo, na hana undugu na wale wa Serengeti. Ikaazimiwa kwamba Newala tutawapisha mbuzi.

Kuhusu tarehe, nilipendekeza Julai, wakati kuna ubaridi wa kumstahi mtu mnene. Lakini Julai mikorosho huwa bado kwenye maua, na ahadi za michango kwetu huiva pamoja na korosho. Ikapita Novemba, baada ya malipo ya mnada, yaani joto likiwa limepamba moto na mvua hazijashika. Arizona watu huambiwa kwamba wakati wa kiangazi wasiwe wakipanda korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Gari la kukodi la kamati, kwa uzoefu wangu wa harusi tatu na misiba miwili, huondoka Mtwara saa nne.

Nilipolisema hilo, nikajibiwa kwamba tutalala Newala kwa mama mkwe, tuamke alfajiri. Jambo pekee lililopita bila ubishi lilikuwa korosho za kukaanga zenye chumvi, kwa kuwa jasho huondoka na chumvi, na mtu anayekunywa maji mengi bila kula hujitafutia ugonjwa mwingine.

Jumamosi tukampigia simu mama mkwe. Tulimwamkia, akaitikia, kisha shemeji akamsomea mpango wote, akakazia kwamba kila mtu atabeba lita tatu za maji. Kimya kikapita.

“Mnashuka bondeni na maji?” akauliza. Mama huyu alikulia juu ya uwanda enzi ambazo maji yalifuatwa chini, wanawake wakitoka kabla ya mapambazuko na kupanda na mitungi kichwani, bila fulana wala mweka hazina. “Na mkishafika chini, mnafanya nini?”

“Tunapanda, mama.”

“Basi mwambie mkwe wangu kwamba bomba langu lina wiki mbili halijatoa maji. Kwa kuwa mnarudi mikono mitupu, dumu langu la lita 20 liko nyuma ya mlango.”

Niliuliza kikaoni nani atalibeba. Mwenyekiti akafungua daftari lake la Arizona, akasoma kwa sauti kwamba kule mizigo hubebwa na nyumbu, na wajumbe wote wakageuka kunitazama.