Msimu haujafunguliwa, mwache jike wa bandia nyumbani

Machi ikiingia hapa Missouri, jimbo la Marekani, wawindaji wa bata mzinga wa porini huanza kuzunguka msituni bila bunduki. Ni wakati wa kupeleleza: ndege wanalala wapi, wakishuka wanaelekea upande gani, wanakula wapi. Msimu wenyewe hufunguliwa katikati ya Aprili au baada yake kidogo. Nazipenda sana wiki hizi za kungoja, ndiyo maana inaniuma kumsikia mtu akipita bondeni anapuliza kile kifaa cha kuigiza sauti ya jike, ili tu dume amjibu.

Kwa kawaida dume huwika alfajiri akiwa bado mtini, na jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anataka kuupindua utaratibu huo, dume ndiye aje. Ni kazi ngumu hata kwa ndege ambaye hajawahi kudanganywa. Sasa ukimwita Machi, akaja, akakuta hakuna jike ila mtu amesimama na simu mkononi, Aprili unatarajia aje tena? Ndege huyu hanusi vizuri, lakini macho yake ni makali ajabu, na akigeuza shingo kidogo tu ameshaona pande zote.

Badala ya sauti ya jike, iga bundi. Dume akisikia bundi huwika ghafla, kama vile kashtuliwa, na sauti hiyo haimfundishi lolote kuhusu wewe. Kukishapambazuka, hata mlio wa kunguru unatosha. Nenda jioni, giza likianza kuingia na ndege wameshapanda mitini, maana hulala juu kama kanga. Simama barabarani, mbali. Akijibu, tia alama kwenye ramani uondoke.

Mchana, wakiwa wameshahama, ndipo uingie utazame chini. Kinyesi cha dume ni kirefu na kimepinda mwishoni. Cha jike ni kibonge kilichojiviringisha. Kwenye vumbi la njia ya matrekta tafuta nyayo za vidole vitatu, na kando yake mistari myembamba inayokwenda sambamba. Hapo dume amepita akijitutumua, mkia kaufungua, ncha za mabawa zinaburuta chini. Mistari hiyo naiamini kuliko kamera yoyote ya kufunga mtini. Chini ya mialoni utaona majani yamepekuliwa mpaka udongo umetokeza; ukiwa bado mbichi, wamepita si zamani.

Kundi kubwa uliloliona Februari kwenye shamba la mahindi lisikudanganye. Joto likija, kundi hilo hutawanyika, na unaweza kufika Aprili ukakuta pametulia kabisa. Ushauri wangu ni kuwafuatilia majike. Dume yuko walipo wao, na asubuhi ikisonga, mnamo saa tatu au saa nne, baadhi yao humwacha wakaenda kwenye viota. Hapo anabaki peke yake, na ndipo husikiliza. Ukishajua hutengana naye sehemu gani, umejua pa kukaa.

Ndege hawa walirudishwa kwa jasho. Katikati ya karne iliyopita walikuwa karibu kutoweka Missouri, na kuanzia 1954 idara ya uhifadhi ya jimbo ikawa inawakamata walikobaki na kuwahamishia misitu mingine. Msimu wa kwanza wa zama hizi ulifunguliwa 1960, siku tatu tu, wakauawa 94. Baadaye waliongezeka sana, lakini tangu katikati ya miaka ya 2000 wamekuwa wakipungua tena, na vifaranga wanaopona ni wachache. Jike hutaga mayai kama kumi hivi chini ardhini na kuyaatamia kwa siku 28. Ukimkurupusha kila mara, anaweza kukitelekeza kiota.

Kwa hiyo msimu ukikaribia mimi siingii tena vichakani. Naegesha gari kando ya barabara kabla hakujapambazuka, nazima taa, nafungua dirisha. Wakiwika madume wawili kwenye vilima tofauti, nawaweka wote kwenye ramani, kwa sababu katika msitu wa umma kuna uwezekano mkubwa siku ya kwanza nikakuta mwenzangu ameshawahi kwa mmoja wao.