Pembe haina lumbesa

Mkulima wa viazi wa Uporoto na dalali aliyekuja na lori wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya gunia moja. Gunia limejaa, likaongezewa kichwa, likashonwa kwa kamba. Kwa mnunuzi hilo bado ni gunia moja, ila mkulima anajua kuna madebe yamekwenda bure. Ndiyo lumbesa, na serikali imeipiga marufuku mara nyingi bila kuimaliza. Dawa inayotajwa kila mara ni mizani, lakini mizani nayo lazima ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kwa mawe yaliyolinganishwa na mawe mengine ya daraja la juu, na hayo na mengine, hadi tunafika kwenye kilo ya dunia nzima. Ukikata mnyororo huo, kilo ya Mwanjelwa na kilo ya Makambako hazina tena kinachozifunga pamoja.

Sasa tuje kwenye pembe. Fundi wa Mafinga akipiga kona ya msingi ikawa mraba, na fundi wa Tukuyu naye akapiga yake, kona hizo mbili ni pembe ileile, na hakuna aliyewapelekea kiolezo cha kulinganishia. Hapo ndipo upimaji wa pembe unapoachana na upimaji wa vitu vingine. Hapo pia ndipo yalipoanzia mabishano ambayo wataalamu wa vipimo hawajayamaliza mpaka leo: je, pembe ni kipimo kamili chenye kizio chake, kama urefu ulivyo na mita na uzito ulivyo na kilo, au ni namba tupu?

Wanaosema ni namba tupu wana hoja nzito. Chora duara, kisha chora mistari miwili kutoka katikati hadi ukingoni. Pima urefu wa tao lililo kati ya mistari hiyo, ugawanye kwa nusukipenyo. Ukipima kwa sentimita au kwa inchi jibu halibadiliki, kwa sababu kizio kilicho juu kinafutwa na kizio kilicho chini. Jibu likiwa 1, hiyo ni radiani moja, sawa na nyuzi 57.3 hivi. Duara liwe dogo kama kizibo cha soda au liwe kubwa kuliko Uwanja wa Sokoine, pembe haijui tofauti.

Mafundi wetu wanalitumia jambo hili kila siku. Wakitaka mraba wanapiga 3-4-5: upande mmoja 3, wa pili 4, na kamba ya mshazari ikigusa 5, kona imekaa. Ziwe futi, ziwe mita, au iwe ni urefu wa fito iliyookotwa pale pale, mraba utatoka tu. Hata tepu iliyovutika haiuharibu, mradi imevutika sawasawa kwa urefu wake wote.

Ukitaka kuona jinsi hili lilivyo jambo kubwa, angalia mita ilivyohangaikiwa. Mwaka 1889 mita ilikuwa fimbo ya platinamu na iridiamu iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris, na nchi zilipewa nakala zake. Mwaka 1960 ikafungwa kwenye mwanga wa gesi ya kriptoni, na mwaka 1983 ikafungwa kwenye mwendo wa mwanga: umbali ambao mwanga unakwenda katika sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Kilo nayo ilikaa ndani ya kipande cha platinamu na iridiamu hadi Mei 2019. Pembe haikuhitaji lolote kati ya hayo. Kunja karatasi yoyote, hata yenye kingo zilizochanika, kisha kunja tena ule mkunjo wa kwanza ulalie juu yake wenyewe. Umepata pembe mraba, na umeipata ukiwa Makete bila kumuuliza mtu wa Paris. Mzunguko mzima ni mmoja kila mahali, na ukiugawa kwa nne umeshafika.

Kwa nyanda zetu, mfano ninaoupenda zaidi ni fremu ya A ambayo wakulima wa miteremkoni huitumia kupimia mistari ya makinga maji. Ni miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa kamba kutoka kileleni. Unaisimamisha juu ya vigingi viwili na kuweka alama pale kamba inapokata mti wa katikati. Kisha unaigeuza, mguu wa kushoto ukae penye wa kulia na wa kulia penye wa kushoto, unaweka alama ya pili. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili, hata kama miguu haikulingana sana na ardhi ilikuwa imeinama. Kifaa kimejirekebisha chenyewe. Wapima ardhi hufanya vivyo hivyo na theodolaiti, chombo chao cha kupimia pembe chenye darubini: wanasoma pembe, wanaipindua darubini, wanasoma tena na kuchukua wastani, na kosa la chombo linajifuta. Mizani ya springi ya sokoni huwezi kuigeuza ikakuambia kwamba imechezewa.

Kuna jambo jingine linalotokana na hilo. Mpima ardhi akizunguka kiwanja chenye kona tano, pembe za ndani lazima zijumlishwe zifike nyuzi 540. Akipata zaidi au pungufu, anajua hapo hapo kuna kosa na anajua ni la kiasi gani. Upande wa urefu mambo ni mabaya kuliko watu wanavyodhani. Tepu iliyovutika asilimia moja inakosea pande zote tano kwa uwiano uleule, umbo linafunga vizuri kabisa, yaani mstari wa mwisho unarudi pale ulipoanzia wa kwanza, na kosa linabaki limejificha. Kwa maneno mengine, urefu unaweza kubeba lumbesa bila umbo kuonyesha chochote. Pembe haiwezi.

Mpaka hapo mtu angesema kesi imekwisha, pembe haina kizio. Mimi sikubali, na hapa ndipo naona upande wa pili unastahili kusikilizwa kuliko unavyosikilizwa madarasani.

Chukua kikokotoo, andika sin 30. Kikiwa kimewekwa kwenye nyuzi kinajibu 0.5. Kikiwa kwenye radiani kinajibu karibu -0.988. Kama 30 ingekuwa namba tupu isiyo na kizio, jibu lisingegawanyika. Au chukua injini ya mashine ya kusaga inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, na ni radiani 157 kwa sekunde. Ukifuta jina la kizio kwa kuwa ni namba tu, unabaki na 25 kwa sekunde na 157 kwa sekunde, mashine ni ileile, na mwanafunzi hajui ashike ipi.

Hata wakubwa wa vipimo wameyumba. Mwaka 1960, mfumo wa kimataifa wa vizio ulipopewa jina lake, radiani iliwekwa kwenye kundi la pembeni, wala haikuwa kizio cha msingi wala cha kutokana na vingine. Mwaka 1995 kundi hilo likafutwa na radiani ikahesabiwa kuwa mita kwa mita, yaani 1. Wapo wataalamu ambao hadi leo wanataka pembe itambuliwe kama kitu chake chenyewe. Hoja yao inaonekana vizuri gereji. Fundi anayekaza nati ya gurudumu la lori kabla halijapanda Kitonga anatumia nguvu ya kuzungusha, tuseme newtoni-mita 300. Kazi inayofanyika ni nguvu hiyo mara pembe iliyozungushwa kwa radiani, na hiyo hupimwa kwa jouli. Ukisema radiani ni 1 tu, newtoni-mita na jouli zinaonekana kitu kimoja kwenye karatasi, wakati nati iliyogoma kuzunguka haijapokea jouli hata moja.

Na ipo sababu ya ndani zaidi. Kipimo cha kweli kinajumlishika: mbao mbili zikiungwa ncha kwa ncha, urefu unajumlishwa. Pembe nazo ziko hivyo, ukiweka nyuzi 20 kando ya nyuzi 20 unapata 40. Linganisha na mteremko wa barabara unaoandikwa kwa asilimia. Kibao cha 10% kinasema katika mita 100 za mlalo unashuka mita 10, ambazo ni nyuzi 5.7 tu. Asilimia 100 ni nyuzi 45, na ukuta uliosimama wima hauna asilimia. Ukiweka kabari ya 50% juu ya nyingine ya 50%, hupati 100%, unapata kama 133%. Asilimia ndiyo namba tupu kweli, uwiano wa urefu kwa urefu, na haijumlishiki. Kwa hiyo kusema pembe ni uwiano tu ni kuruka jambo ambalo mtu yeyote aliyeezeka paa analijua kwa mikono.

Ninavyoona, pande zote mbili zinachanganya kiolezo na kizio. Pembe haihitaji kiolezo kutoka nje, na hapo watu wa namba wako sahihi. Kizio inahitaji, kwa sababu mzunguko mzima tunaugawa tunavyotaka: 360 tuliyorithi kwa Wababeli, gradi 400 za Wafaransa, au radiani mbili mara pai. Mgawanyo ni uamuzi wa watu, na lazima utajwe. Darasani ningeanza na mzunguko na karatasi iliyokunjwa, kipimapembe kingefuata baadaye, na nisingemwachia mwanafunzi wa kidato chochote aandike pembe bila kutaja ni nyuzi au radiani.

Uhuru huo wa pembe una gharama yake. Kwa kuwa haijali ukubwa, haiwezi kukuambia ukubwa. Ramani za zamani zilitengenezwa kwa kupima pembe kutoka kilele hadi kilele, na urefu ulipimwa kwa taabu kubwa kwenye mistari michache tu ya msingi. Mstari wa msingi ukikosewa, pembetatu zote bado zitafunga na umbo la milima litatoka sawa, ila umbali kati ya Mbeya na Iringa utakuwa wa uongo, na hakuna pembe hata moja itakayolalamika.